Vitz iliyotua Dodoma na matairi ya theluji: shajara ya kutafuta manne yanayolingana

Shajara hii ni ya wenye Vitz, Passo na vigari vya ukubwa huo vilivyoshuka bandarini vikiwa na matairi ambayo mwenye gari hakuyachagua. Bei ni za hapa Dodoma, zile nilizolipa au kutajiwa. Naongeza kila hatua inapokamilika.

Jumamosi, 5 Oktoba 2024: Kusoma ubavu wa tairi

Gari ni Vitz ya kizazi cha pili, ya mwaka 2008, injini ya cc 996. Ilishushwa Dar es Salaam ikaendeshwa hadi huku, na tangu ifike usukani wake ni mlegevu. Unakata kona, bodi inachelewa kufuata. Fundi wa kwanza alitaja shokapu, wa pili akataja bushi. Vyote vikakaguliwa, vikakutwa vizima. Kwenye matairi waliangalia upepo tu.

Leo nimechukua tambara na maji nikaosha ubavu wa kila tairi. Mbele pameandikwa 175/65R14 82Q. Nyuma ni 165/70R14 81Q, ya kampuni nyingine. Tarakimu nne za mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT zinasema ya mbele ni 4416, yaani wiki ya 44 ya mwaka 2016. Ya nyuma ni 3814. Na yote manne yana neno STUDLESS. Ya mbele yana pia mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Basi kumbe muda wote huu naendesha hapa Nkuhungu, Dodoma, na matairi ya barafu.

Kwa asiyeyajua: hayo ni matairi ya majira ya baridi yasiyo na misumari. Zamani Wajapani wa mikoa ya theluji walitumia matairi yenye misumari ya chuma, yakawa yanakwangua lami na kujaza vumbi mijini, hadi sheria ya kuyadhibiti ikapitishwa mwaka 1990. Bridgestone walikuwa wameshatoa Blizzak yao isiyo na misumari mwaka 1988, na kampuni nyingine nazo zina za kwao. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi, ambapo mpira wa kawaida hukakamaa. Mpaka unaotajwa sana ni nyuzi 7 za Selsiasi: chini ya hapo tairi la theluji linashika vizuri zaidi, juu ya hapo la kawaida linalizidi. Dodoma hata Julai alfajiri, wakati watu wanatembea na makoti mazito, tuko kama nyuzi 13 au 14. Oktoba mchana tunapita 30, na lami yenyewe ina joto kuliko hewa. Mpira uliotengenezwa kwa barafu, hapa unakuwa kama ubani uliotafunwa. Ule ulegevu wa usukani nimeshaanza kuuelewa.

Kwa nini mbele na nyuma havifanani? Nadhani mwenye gari wa kwanza alibaki na seti yake nzuri. Nchi za baridi watu wengi huwa na seti mbili, ya kiangazi na ya theluji, na ya theluji mara nyingi huwekwa kwenye rimu za chuma, nyembamba kidogo, ila kimo cha gurudumu zima kikiwa kilekile. Gari likienda mnadani, linafungwa chochote kinachoweza kulisogeza.

Kipimo chenye haki kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Changu kimeandikwa Kijapani, ila tarakimu zinasomeka: 165/70R14 81S. Hapo ndipo mradi unaanzia.

Jumamosi, 12 Oktoba: Hesabu kabla ya kwenda dukani

Nimepita kwa mafundi pancha wa barabara ya Iringa kuuliza. Jibu ni moja: "Mwalimu, R14 ni R14, inaingia." Kuingia inaingia kweli. R14 inakuambia tairi litakaa kwenye rimu ya inchi 14, basi. Haikuambii gurudumu litakuwa na kimo gani likishasimama barabarani.

Hesabu ni ya darasa la saba. Zidisha upana (namba ya kwanza, kwa milimita) kwa asilimia inayofuata mkwaju (/), upate kimo cha ubavu. Zidisha kwa mbili, kwa kuwa kuna ubavu juu na chini. Jumlisha rimu, inchi moja ikiwa milimita 25.4. Kwa 165/70R14: 165 × 0.70 = 115.5, mara mbili ni 231, rimu ni 355.6, jumla 586.6.

Kwa hesabu hiyohiyo, vipimo nilivyotajiwa kuwa "ni vilevile" vinatoka hivi:

175/65R14: milimita 583.1, pungufu kwa 0.6%
185/65R14: 596.1, zaidi kwa 1.6%
175/70R14: 600.6, zaidi kwa 2.4%
185/70R14: 614.6, zaidi kwa 4.8%
185/55R15, kwa anayetaka rimu kubwa: 584.5, pungufu kwa 0.4%

Kanuni inayotumika sana ni kutovuka 3% kutoka kipimo cha kiwandani. Mimi najiwekea 1%. Tairi likiwa kubwa, spidomita inasoma chini ya mwendo halisi: ukiwa na 185/70R14, mshale ukionyesha 50 wewe unakwenda 52 na ushee. Spidomita nyingi husoma juu kidogo zikitoka kiwandani, kwa hiyo huenda usiumie, lakini sioni sababu ya kumpunguzia trafiki mwenye tochi kazi yake.

Zaidi ya hapo, kushoto na kulia kwa ekseli moja lazima yawe sawasawa kabisa, la sivyo difu inafanya kazi ya kona hata barabara ikiwa imenyooka. Kwenye Vitz ya kuvuta mbele, tofauti ndogo kati ya mbele na nyuma inavumilika. Zipo Vitz za kuvuta magurudumu yote manne. Mwenye hiyo asijaribu kuchanganya hata kidogo.

Halafu ile namba na herufi ya mwisho, ambayo sijaona muuzaji akiisoma. 81 ni uzito wa kilo 462 kwa tairi moja, 82 ni kilo 475. Ukipewa namba ndogo kuliko ya kwenye kibandiko, kataa. Q ni kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190. Hakuna anayekwenda 160 Nkuhungu, lakini Q inasaidia kwa jambo jingine, kama itakavyoonekana.

Jumamosi, 26 Oktoba: Rundo la mtumba

Matairi yaliyotumika yanauzwa 60,000 hadi 80,000 kwa moja ya R14. Muuzaji alinipangia manne ya 165/70R14, kashata (ule mpira wenye mifereji unaogusa barabara) nene, yanang'aa kwa dawa ya kupaka. Niliyatoa kivulini nikayaweka juani.

Matatu kati ya manne yalikuwa ya theluji vilevile. Yaani ningelipa laki mbili na kitu kutoa barafu na kuweka barafu.

Baadaye nikapata sababu inayoingia akilini. Tairi la theluji la Japani lina alama mbili za kuisha. Moja ni ile ya kawaida ya milimita 1.6. Nyingine ni vinundu vilivyo juu zaidi ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kashata imefika nusu. Ikifika nusu, tairi halifai tena kuhesabiwa la theluji, mwenyewe analitoa. Na kwa kuwa kashata yake huanza ikiwa ndefu, hiyo nusu iliyobaki huku inaonekana ni mali. Muuzaji hadanganyi anaposema kashata ipo. Ipo.

Neno STUDLESS likiwa limefutika, angalia hivi: vipande vya kashata vimejaa vijikato vyembamba vya kujikunjakunja, vingi, kama vimechorwa kwa wembe. Kandamiza kwa ukucha, unaacha alama. Herufi ya mwisho ni Q. Ukikuta mambo hayo matatu pamoja, rudisha kwenye rundo.

Lile tairi la nne lilikuwa la kawaida, herufi S, ila la mwaka 2013 na nyufa kwenye shina la ubavu. Nikamshukuru mzee nikaondoka mikono mitupu. "Mwalimu, wewe unanunua tairi au unasahihisha mtihani?" Alicheka, nami nikacheka.

Uamuzi: mapya.

Jumamosi, 9 Novemba: Rimu za inchi 15, jaribio lililokufa

Jirani ana spoti rimu za inchi 15 zenye 185/55R15, alizotoa kwenye gari alilouza. Bei ya kijirani, laki tatu na nusu kwa zote nne na matairi yake, ambayo si ya theluji. Kimo kinapishana kwa 0.4% tu. Nati nne, kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, sawa na Vitz. Kwa karatasi ilikuwa imekwisha.

Akaniazima nijaribu. Mjini hakuna neno. Nilipotoka barabara ya Morogoro kuelekea Ihumwa, kuanzia 80 usukani ukaanza kutetemeka, na kufika 95 kioo cha ndani hakisomeki. Tukapeleka balansi, ikaja sawa. Mtetemo ukabaki.

Tatizo ni tundu la katikati ya rimu. Kitovu cha Vitz ni milimita 54.1, na rimu ile ina tundu kubwa zaidi kwa sababu imetengenezwa iingie kwenye magari mengi. Rimu haikai kwenye kitovu, inaning'inia kwenye nati peke yake, na ikikaa pembeni hata kidogo, inatetemesha. Dawa yake ni pete za kujaza nafasi, za plastiki au alumini, zenye kipimo cha nje cha rimu na cha ndani 54.1. Sikuzipata Dodoma. Fundi mmoja akajitolea kukunja bati la kopo kuzunguka kitovu. Nikasema asante, hapana.

Hata pete zingepatikana, ubavu wa 185/55 ni milimita 101.75 badala ya 115.5, na barabara ya mtaani kwetu ina mashimo yanayotaka ubavu mrefu. Rimu zimerudi kwa mwenyewe. Hakuna gharama, ila soda.

Jumamosi, 30 Novemba: Mawili kwanza

Mshahara umetoka, umetosha mawili. 165/70R14 81T, mapya, ya mwaka huu, 135,000 kwa moja. T ni juu ya S ya kibandiko, hakuna shida. Nimenunua na valvu mpya, 2,000 kila moja. Valvu za zamani zilikuwa zimekakamaa, na sioni maana ya kuweka tairi jipya juu ya valvu ya zamani.

Fundi ameyafunga mbele, "kwa sababu ndiko kwenye injini na usukani." Ya 175/65 yametoka. Nyuma yamebaki ya theluji ya 165/70, kwa hiyo kwa kipimo gari zima sasa linalingana. Usukani umebadilika palepale, kona inaitika. Kwenye vumbi na lami kavu gari limekuwa jingine.

Jumamosi, 14 Desemba: Mvua imefika, mkia umeruka

Kulingana kwa kipimo hakukutosha. Mvua za kwanza Dodoma zinakuta lami ina vumbi la miezi, inakuwa utelezi wa sabuni. Nilikuwa chini ya 40, nakata kona ya kuingia mtaani, mbele pakashika vizuri, nyuma pakaondoka. Gari likazunguka kama robo hivi likasimama limeangalia mtaro. Bodaboda aliyekuwa nyuma yangu alisimama mbali, Mungu ambariki.

Watu wanadhani tairi la theluji ni hodari kwenye kila utelezi. Vile vijikato vyake ni vya kufuta utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu. Kwenye lami yenye joto na maji mengi, mpira laini na vipande vya kashata vinavyoyumba havishiki kama tairi la kawaida. Mimi nilikuwa nimefunga tairi linaloshika mbele na lisiloshika nyuma. Mbele pakipoteza mshiko, gari linakwenda moja kwa moja, unapunguza mwendo, linarudi. Nyuma pakipoteza, dereva wa kawaida hana la kufanya. Ndiyo maana ushauri wa watengenezaji wa matairi ni kwamba ukiwa na mawili mazuri tu, yakae nyuma, hata kama gari linavuta mbele.

Nimehamisha mapya nyuma, 4,000. Usukani umerudi kuwa mlegevu na breki kwenye maji inahitaji nafasi kubwa, lakini mkia umetulia. Hii ni ya kusubiria tu.

Kuna aliyeniambia niyabakize kwa ajili ya tope, eti M+S maana yake ni tope na theluji. Herufi hizo mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, hazidai jaribio lolote. Mchoro wa mlima na theluji ndio unaodai jaribio, na jaribio lenyewe ni la theluji. Nilipitia udongo wa mbuga upande wa Bahi baada ya mvua. Vijikato vilijaa ndani ya mita chache, gurudumu likawa duara la udongo. Tope linataka mifereji mipana inayojisafisha, si vijikato vya wembe. Vijana walinisukuma, nikatoa 5,000, ambayo siihesabu humu.

Jumamosi, 28 Desemba: Mengine mawili hayapo

Duka lilelile, kampuni ileile, 165/70R14 imeisha. Muuzaji ana chaguo mbili: 175/65R14 ya kampuni hiyohiyo, au 165/70R14 ya kampuni nyingine yenye kashata tofauti. Zote zinavumilika, tofauti ya kimo kwa lile la kwanza ni 0.6% tu, na kila jozi ingekaa kwenye ekseli yake. Nimekataa zote mbili kwa sababu ya mzunguko wa baadaye: nataka nikifika kilomita 10,000 niweze kuhamisha mbele na nyuma bila kufikiri, na siku moja likiharibika, lolote kati ya mengine liweze kushika nafasi yake.

Binamu yangu yuko Dar, amelipata Kariakoo kwa 128,000. Nimemwomba anitumie picha ya ubavu kabla ya kulipa. Picha ya kwanza ilikuwa ya 165/65R14. Muuzaji alishika "165" na "14" akaruka katikati. Ukifanya hesabu, hilo ni milimita 570.1, pungufu kwa 2.8%. Jozi moja ya hilo na jozi moja ya langu, gari lingeinama. Picha ya pili ilikuwa sahihi: 165/70R14 81T. Anayeagiza kwa simu adai picha ya namba nzima pamoja na zile tarakimu nne za DOT, siyo maneno ya mdomo.

Jumamosi, 4 Januari 2025: Yamefika, yamefungwa

Mzigo wa basi, 12,000 kwa yote mawili, nimeyachukua stendi ya Nane Nane. Wiki ya kutengenezwa inapishana na ya kwanza kwa miezi michache, hakuna neno. Yamefungwa mbele, balansi magurudumu yote manne, kisha alaimenti. Mashine imeonyesha mbele pametoka nje kidogo, na hilo lingekula kashata mpya upande mmoja kabla ya mwaka kwisha.

Mambo mawili ya kumsimamia fundi. Upepo: kibandiko cha Japani kinaandika kPa, pampu ya fundi inasoma psi. Gawanya kPa kwa 6.9, 220 kPa ni kama 32 psi. Fundi wangu alikuwa anajaza 40 kwa kila gari "kwa sababu ya joto." Upepo unapimwa tairi likiwa halijatembea, na joto lililomo kwenye hesabu ya kibandiko halihitaji kuongezewa lingine. La pili ni nati: zikazwe kwa kuruka ng'ambo, siyo kwa kufuata duara, na kwa Vitz nguvu ni Nm 103. Bomba la mita moja juu ya spana linazidisha hapo bila fundi kuhisi. Nimekaza upya baada ya kwenda Kibaigwa na kurudi.

Mvua imenyesha jana usiku. Nimepita kona ileile mara kadhaa, mwendo uleule. Nyuma inafuata mbele.

Jumamosi, 18 Januari: Hesabu ya fedha, na spea

Mawili ya Dodoma 270,000. Mawili ya Dar 256,000, basi 12,000. Kufunga 5,000 kwa kila tairi, 20,000. Kuhamisha 4,000. Balansi 20,000. Valvu 8,000. Alaimenti 30,000. Jumla 620,000. Kama ningesubiri nikanunua manne kwa mpigo, ningeokoa 4,000 ya kuhamisha na 12,000 ya basi, ingawa ningelipa 14,000 zaidi kwa bei ya Dodoma, na nisingezunguka kwenye kona. Ila Januari na ada za shule, ningesubiri hadi lini?

Ya theluji ya 2016 nimemuuzia mwenye mkokoteni wa punda, 30,000 kwa jozi. Nilikataa kumuuzia fundi pancha aliyeyataka, kwa sababu najua yangerudi kwenye rundo, yapakwe dawa, yafungwe kwenye gari la mtu. Ya 2014 yenye nyufa nimeyakata ubavu kwa panga kabla ya kuyatoa nje.

Limebaki la akiba. Ni lile jembamba lenye herufi T mwanzoni mwa namba, la kutembelea hadi kwa fundi tu, mwisho kilomita 80 kwa saa, na linataka 420 kPa, kama psi 60. Nililikuta na 18. Nimetaka kuweka 165/70R14 zima mahali pake. Tundu la kwenye buti ni la tairi jembamba, zima linabaki limejitokeza na sakafu ya buti haifungi. Kwa hiyo jembamba linabaki, limejazwa 60, na kila mwezi nitalipima pamoja na mengine manne. Kwa miiba ya migunga ya huku, litahitajika.